Turbo Tatu za Gari la Kwaya

Vijana wangu wa spana, na nyinyi wengine mnaoendesha magari bila kujua boneti inafunguliwa wapi, vuteni viti. Mimi ni Nyaga. Nimeshika injini miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, kwanza Meru mjini, halafu Embu, na sasa nimestaafu. Yaani nasema nimestaafu. Nina ng'ombe wawili hapa Manyatta na hawana turbo hata mmoja, lakini kila wiki lazima mtu afike kwa lango langu na gari linalolia kama filimbi ya refa, aniambie, "Mzee, sikiliza tu kidogo, sitaki ujichafue." Nasikiliza. Dakika tano baadaye niko chini ya gari na mke wangu ananipigia kelele kuhusu shati.

Huwa mnaniuliza nilijuaje mambo ya turbo. Nilijua kwa kuziua. Ya kwanza niliiua kwa mkono wangu mwenyewe, na hiyo nitawaambia tucheke. Zile tatu za gari la kwaya ziliuawa na mtu mwingine, na mimi nikamshtaki asiyehusika. Hiyo pia nitawaambia, ingawa sikucheka mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane. Turbo ni nini? Usinitolee simu, nitakueleza. Ni feni mbili zilizofungwa kwa shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, na ya pili inavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Ndiyo maana gari dogo la dizeli linapanda mlima na watu kumi na wanne, na ndizi juu, bila kulalamika. Sasa, feni ile ya moshi inaishi motoni. Na shafti inazunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, ikielea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ndiyo inayoibeba na oili ndiyo inayoipoza. Ikikosa oili kwa muda wa kupiga chafya mara mbili, kwaheri.

Mwalimu wangu wa kazi hii alikuwa Mzee M'Ikiara, Mmeru mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa la kupasua mawe. Alikuwa na gereji nyuma ya soko la Meru, na hakuwahi kupaza sauti. Siku aliyoniachia nifunge turbo peke yangu, ilikuwa ya lori la viazi. Alikuwa ameniambia mara tatu: kabla ya kuwasha, mimina oili kwenye tundu la turbo, zungusha feni kwa kidole mpaka uone imelowa, kisha uzungushe injini bila kuiacha ishike, ili oili ipande. Mara tatu! Lakini mwenye lori alikuwa amesimama pale akitazama saa, na mimi nilitaka aone fundi kijana mwenye mikono myepesi. Nikaifunga kavu. Nikawasha. Na kwa sababu ujinga haujui kusimama, nikakanyaga mafuta nisikie ile filimbi tamu.

Nilisikia mbuzi akichinjwa. Halafu nikasikia kimya.

Mzee M'Ikiara aliweka kikombe chake cha chai chini polepole. "Nyaga," akasema, "mtoto akizaliwa, unampa maziwa kwanza, ama unamwambia akimbie mpaka mjini Maua?" Gereji nzima ilianguka kwa kicheko. Mwenye lori hakucheka. Kwa mwezi mzima nilifanya kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na hadi leo sijafunga turbo kavu tena. Hilo likae kichwani mwako.

Haya, sasa gari la kwaya.

Nilikuwa tayari nimehamia Embu na nina gereji yangu, watu wananiita fundi mkuu, nami naitika. Akina mama wa kwaya ya kanisa letu la pale juu, karibu na msitu, walichanga wakanunua gari la mtumba kutoka Japani, la dizeli, lenye turbo. Jumapili liliwapeleka kuimba, siku za soko lilibeba ndizi na maparachichi yao, na mgonjwa akizidiwa lilishuka naye hospitalini Embu. Huko juu halikuwa gari la starehe. Lilikuwa miguu ya watu.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa Mwalimu Wawira. Mwalimu Wawira alinifundisha darasa la nne. Alikuwa amestaafu, lakini nikimwona nilikuwa bado naficha mikono nyuma. Na dereva aliitwa Ireri, mtu wa Kiambere, baba wa watoto watatu, mpole, wa maneno machache. Aliosha gari lile kila jioni mpaka matairi yakang'aa, na mama yeyote akipanda na mzigo, Ireri alishuka kuupokea.

Siku ya kwanza walipolileta kwangu, gari lilikuwa linatoa moshi wa buluu na limekosa nguvu kabisa. Nikafungua mpira wa hewa, nikaingiza vidole viwili, nikashika ncha ya shafti. Hivi ndivyo inavyopimwa, vijana. Ikicheza kidogo sana upande kwa upande, usishtuke, hiyo ni kawaida. Ikicheza mbele na nyuma, au feni ikigusa ukuta wake, hiyo ni maiti. Ile ilikuwa maiti. Nilipoipasua nikakuta ndani kumejaa kitu cheusi, kigumu, kama ukoko uliobaki chini ya sufuria. Oili ilikuwa imeungua pale pale kwenye beringi, zile pete zinazoshika shafti.

Nikasema, hii ni tabia mbaya ya mwenye gari wa kwanza huko Japani. Nikafunga nyingine. Nikabadilisha oili na filta yake, nikaweka paipu mpya ya kupeleka oili, kwa sababu kufunga turbo mpya kwa paipu yenye ukoko ni kumlaza mgonjwa mpya kwa shuka la marehemu. Kisha nikamwita Ireri kando.

"Ukimaliza kupanda mlima," nikamwambia, "usizime gari hapo hapo. Turbo ni moto. Ukizima, oili inasimama ndani yake na inapikwa. Iache injini ingurume polepole dakika mbili, ipoe, ndipo uzime. Na asubuhi usiikanyage ikiwa baridi."

"Nimesikia, fundi," Ireri akasema.

Miezi michache baadaye walirudi. Moshi ule ule. Nikapasua: ukoko ule ule.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize, maana hakuna chuo kinachofundisha hili. Ilikuwa siku ya soko na gereji ilikuwa imejaa. Mwalimu Wawira alikuwepo, na akina mama sita wa kwaya wameketi juu ya matairi yangu ya zamani. Nilikuwa na haya. Turbo niliyofunga mimi, fundi mkuu, imekufa. Mtu akiwa na haya hutafuta mahali pa kuitua, na mimi nilipapata haraka.

"Oili ni nzuri," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Filta ni safi. Kazi niliifanya mimi. Kilichobaki ni mguu wa dereva."

Akina mama wakacheka. Ireri akatazama viatu vyake.

"Mimi sikimbizi gari, fundi," akasema.

"Turbo haisemi uwongo, Ireri."

Basi. Maneno manne. Kufikia Jumapili alikuwa amerudisha ufunguo na kupanda gari la kwenda kwao Kiambere na godoro lake. Na mjue, nililala vizuri usiku huo! Hilo ndilo linalonichoma hata leo, kwamba nililala.

Dereva mpya alikuwa Njeru, mtoto wa dada yake Mwalimu. Njeru aliendesha kana kwamba amebeba mayai mabovu. Wazee waliokuwa wakitembea kwa mkongojo walimpita wakamsalimia. Nilimsifu mbele ya kila mtu. "Mnaona dereva?" nikasema. "Hiyo turbo ya tatu itamzika mwenyewe."

Haikumzika. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka kuisha, Njeru aliingia gerejini akijikokota, na kabla hajasimama nikasikia ile filimbi. Nyembamba, ya kulia. Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye shimo la gereji. Sikufikiria turbo. Nilifikiria Ireri. Ikiwa mtu anayeendesha kama kobe ameua turbo, basi yule niliyemfukuzisha kazi hakuwa ameua chochote.

Siku mbili nililichunguza gari lile kama daktari. Filta ya hewa kwanza, kwa sababu vumbi ni adui. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeleta pikapu kutoka upande wa Mbeere, ameitoa filta kabisa, ananiambia, "Fundi, nilitaka ipumue vizuri." Iliipumua barabara yote! Feni zake zilikuwa zimelika kama meno ya mzee wa miraa. Lakini filta ya kwaya ilikuwa safi. Nikapaka mipira ya hewa maji ya sabuni, nikatafuta mapovu, hakuna inayovuja. Nikaangalia paipu ya oili kama kuna mtu amepaka gundi ya gasketi, maana kipande cha gundi kikikatika kinaziba njia na turbo inakufa kwa kiu. Hakuna. Nikashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaosha chujio la chini. Sawa kabisa. Gari lilikuwa zima kuliko mimi.

Leo mngechomeka kile kidude chenu cha kusoma hitilafu, simu iwaambie namba. Ni kizuri, sikatai, nimeona kikipata ugonjwa kwa dakika moja ambao mimi ningeutafuta wiki nzima. Na magari mengine siku hizi yana maji yanayoipoza turbo hata injini ikizimwa. Lakini hakuna kidude kingeniambia nilichotaka kujua. Ukitaka cha mvunguni, uiname. Turbo ilikuwa inalia lakini bado inazunguka, kwa hivyo nikamwomba Mwalimu nipande nao kabla sijaitoa.

Walikuwa wanakwenda kuimba Chuka. Nikakaa nyuma ya Njeru, masikio wazi, katikati ya mama wawili waliofanya mazoezi ya sauti ya tatu kwenye mashavu yangu. Njeru aliendesha vizuri. Kufika Chuka aliacha injini ikinguruma dakika mbili, akazima. Kurudi, tulisimama Runyenjes kununua maembe, akafanya vile vile. Nikaanza kujishuku masikio.

Kisha tukaanza kupanda kutoka Embu. Mnaijua njia ile ya kwenda kanisani, haina mahali pa kupumzika hata ukitaka kupiga mwayo. Gia ya pili, gari limejaa, na gunia za maembe juu. Na hapa jifunzeni: polepole si baridi. Watu hudhani turbo huchoka kwa mbio za tambarare. Gari lenye mzigo likipanda mlima kwa mwendo wa ng'ombe, injini inakula dizeli kwa nguvu zake zote, na turbo inaiva. Tulipoingia uwanja wa kanisa, najua ningeinama ningeiona nyekundu.

Gari halijasimama vizuri, Mwalimu Wawira akainua mkono.

"Njeru, zima. Tuombe."

Njeru akazima. Hapo hapo.

Mnajua jinsi sisi tunavyoshukuru tukifika salama. Hakuna anayeshuka kabla ya maombi. Na Mwalimu Wawira hakuwa mtu wa kuomba kwa kifupi. Alishukuru kwa barabara, kwa madaraja moja moja, kwa kwaya ya Chuka iliyotupa chakula, kwa wajane, kwa mvua, kwa serikali, kwa wanafunzi wa darasa la nane. Vichwa vyote viliinama. Na mimi nikasikia chini ya gari: ti, ti, ti, ti. Chuma cha moto kikijikunja. Oili imesimama kwenye beringi, haina pa kwenda, inapikwa. Nikafungua macho. Nikatazama sakafu ya gari kana kwamba naona mpaka ndani ya ile turbo, na ukoko ukishika, safari baada ya safari, Jumapili baada ya Jumapili.

"Amina," wakasema wote.

"Nyaga!" Mwalimu alikuwa amegeuka ananitazama. "Darasa la nne ulikuwa unafungua macho wakati wa maombi, na bado hujaacha?"

Walicheka mpaka gari likatikisika. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikasema, "Nisamehe, Mwalimu," nikashuka. Sikuthubutu kusema lolote. Kumwambia Mwalimu Wawira kwamba maombi yake yanaua turbo? Mbele ya kanisa? Ngai! Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Lakini kulikuwa na mtu wa kuambiwa kabla yake. Asubuhi iliyofuata nikashuka Kiambere.

Nilimkuta Ireri uani akipiga ndengu kwa fimbo, jasho linatiririka. Aliniona, akaendelea kupiga. Mkewe ndiye aliyeniletea kiti na uji wa mtama. Nilikunywa uji wote nikitafuta mahali pa kuanzia.

"Ireri," nikasema mwishowe, "gari limekufa turbo tena."

"Pole," akasema. Hakuwa na kejeli. Afadhali angekuwa nayo.

"Kanisani pale, Mwalimu akisema muombe. Ulikuwa unazima?"

Fimbo ikasimama. "Kila mahali niliiacha ingurume, fundi. Embu, Chuka, Meru, hata pale hospitali askari akinifokea. Pale kanisani tu ndiyo sikuweza. Mwalimu akisema zima, ni zima."

"Sasa mbona hukuniambia, wewe? Siku ile gerejini ungesema neno moja!"

"Ningesema nini? Kwamba maombi yanaharibu gari? Mbele ya Mwalimu na akina mama wote?" Akafuta jasho kwa kiganja. "Wangesema dereva ameua gari, sasa anamsingizia Mungu. Na wewe ulikuwa umeshasema ni mguu wangu. Fundi mkuu akisema, dereva atasema nini?"

Nilitaka ardhi inimeze, ndengu zote juu yangu. Nikamwambia, "Twende, nitazungumza na Mwalimu, atakurudishia kazi."

Ireri akatikisa kichwa. "Nimekosa kazi, na watoto wamenyong'onyea, sitakuficha. Naitaka kazi ile. Lakini sirudi kama mtu aliyesamehewa. Mimi sikukosa. Ulinitaja mbele ya watu, fundi. Kama utanitoa, nitoe mbele ya watu."

Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na siku hiyo mimi nilioneshwa langu kwa adabu sana.

Jumapili, baada ya ibada, niliwaomba akina mama wa kwaya wabaki. Nilikuja na gunia. Nikatoa zile turbo tatu nilizopasua, nikazipanga juu ya benchi nje ya kanisa, tumbo wazi. Mwalimu Wawira alikaa mbele, mkoba kwenye magoti.

"Akina mama," nikasema, kama mtoto wa kukariri, "uji ukiwa jikoni, unaukoroga. Ukiacha kukoroga na moto bado upo?"

"Unashika!" wakajibu kwa pamoja.

"Ukishika kila siku, na sufuria haioshwi?"

"Unapata ukoko wa kuvunja kijiko," akasema mmoja.

"Tazameni." Wakainuka, wakaja, wakapitisha vidole. Ukoko mweusi, tatu zote. "Oili inakorogwa na injini. Injini ikizimwa turbo ikiwa moto, kukoroga kunaisha na moto bado upo. Njia yote mnaacha injini ingurume kwanza. Kuna mahali pamoja tu gari hili linazimwa likiwa moto kabisa, baada ya ule mlima."

Nikaona inawafikia mmoja mmoja. Hakuna aliyethubutu kumtazama Mwalimu. Yeye alikuwa anaitazama turbo.

"Hapa," akasema. "Ni mimi ninayesema zima."

"Hukujua, Mwalimu. Kujua ilikuwa kazi yangu. Mimi sikuuliza, sikupanda gari, sikuchunguza. Nilisimama gerejini nikamtaja Ireri, na nyinyi mlikuwepo. Ireri hakuua turbo hata moja. Alijua linalotokea, akanyamaza kwa heshima yenu, na mimi nikamharibia jina kwa sababu niliona haya. Nimekosea, na nimekuja kusema hivyo kwa sauti ile ile."

Nilitegemea angalau kiboko. Mwalimu Wawira akauliza, kwa ukali, "Kwa hivyo unatuambia tuache kuomba?"

"La, Mwalimu! Ombeni. Ombeni hata zaidi. Dakika zako za maombi ndizo hasa turbo inazohitaji kupoa. Lakini injini iwe inanguruma."

"Tuombe na kelele ya dizeli?" akanong'ona mama mmoja nyuma.

Mwalimu akafikiri. Kisha akasimama, akafunga mkoba. "Nimefundisha darasa la kwanza watoto sitini, wote wakisema kwa pamoja, na kila mmoja nilimsikia," akasema. "Kama mimi niliweza, Mungu atashindwa na injini moja?"

Hapo kicheko kilifumuka mpaka kasisi akachungulia dirishani.

Niliifunga turbo ya nne wiki hiyo, kwa mikono yangu, na sikuifunga kavu. Siku ya kumfuata Ireri, kwaya nzima ilishuka Kiambere, sare zote, kama wanaenda kuposa. Tulipoingia uani kwake Njeru akashika ufunguo, na akina mama kumi na wawili wakapiga ukelele, "Usizimeee!" Maskini Njeru aliruka mpaka kichwa kikagonga paa. Baadaye aliniambia hakuna aliyefurahi siku hiyo kumshinda, maana kuendesha kulikuwa kunamtia tumbo joto.

Mwalimu Wawira alishuka, akatembea mpaka mbele ya Ireri, mkewe na watoto wakitazama. "Ireri," akasema, "tulikukosea. Mimi nilikosea, na fundi akakosea zaidi. Wewe hukukosa." Akampa ufunguo kwa mikono miwili. Ireri akafuta viganja kwenye suruali. Akaupokea kwa mikono miwili, na mkewe akageuka ukutani akajifuta kwa kanga. Nami sitawadanganya, nilikuwa na vumbi machoni.

Yeye ndiye aliyeturudisha. Tukapita Embu, tukaanza ule mlima, gia ya pili, ndengu za mkewe juu kama zawadi, na turbo inapiga mluzi laini unaotakiwa. Tulipoingia uwanja wa kanisa, Ireri akasimamisha gari, mkono ukaenda kwenye ufunguo kwa mazoea, kisha akauondoa. Injini ikabaki inanguruma.

"Ireri," akasema Mwalimu, "leo utuombee wewe."

Tangu nimjue, sikuwahi kumsikia Ireri akisema sentensi tatu mbele ya watu. Aliinamisha kichwa juu ya usukani. Akashukuru kwa safari. Akashukuru kwa Mwalimu na kwa kila mama, kwa jina, wote kumi na wawili. Akashukuru kwa Njeru aliyelitunza gari. Hapo tukadhani amemaliza.

"Na Mungu," akasema, "nakushukuru kwa fundi Nyaga, maana mikono yake ni mizuri. Tunakuomba uendelee kumtengeneza mpaka mdomoni."

Nilisema amina kabla ya kwaya yote.